Miguu ya Mkamuaji

Mtu aliyekamua ndizi nyumbani kwetu Nshambya, Bukoba, miaka yote ya utoto wangu alikuwa na miguu mizuri kuliko uso. Uso wake ulikuwa wa kawaida, tena wa kununa, lakini miguu ilikuwa ya kutazamwa: mipana, vidole vimeachana, kila kimoja kimekaa mahali pake, nyayo safi kama za mtoto aliyetoka kuogeshwa. Tulimwita Mkamuaji. Mama alimwita hivyo, majirani walimwita hivyo, na nilipokuwa mtu mzima nikarithi biashara ya mama ya kuuza lubisi, nami nikaendelea hivyo hivyo. Ila tukiwa uso kwa uso nilimwita Tata, kama tunavyowaita baba zetu kwa Kihaya.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe, nieleze. Lubisi ni pombe yetu ya ndizi, na inaanzia miguuni mwa mtu. Ndizi za embire, zile ambazo hatuzipiki, zinaivishwa shimoni, zinamenywa, zinamwagwa ndani ya mtumbwi uliochongwa kwa gogo na kuchanganywa na nyasi. Halafu mwanamume anaingia humo peku, anazikanyaga mpaka maji yajitenge na makapi. Humo ndani hakuna pakavu. Chini ni gogo lililolainika kwa miaka, juu yake ndizi zilizopondeka, na mtu anasimama kwa mguu mmoja huku wa pili ukisukuma, kisha anabadilisha, asubuhi nzima. Kukanyaga kila mtu anaweza. Kutoanguka ndiyo kazi yenyewe, na wakamuaji wengi huchimbia mti pembeni ya mtumbwi ili waushike. Yeye hakushika mti maisha yake yote, na hilo ndilo lililomfanya aitwe kutoka Nshambya hadi vijiji vya Muleba, mpaka Ngenge huko, pale palipokuwa na harusi ya watu wanaojiheshimu.

Alikuwa na majivuno, nisimpambe. Kabla ya kuingia mtumbwini aliosha miguu kwa maji ya vuguvugu na kuisugua kwa jiwe, kisha akaketi kwenye kigoda na kuinyoosha mbele ya mwenye nyumba, maana ni desturi mwenye nyumba aione. Nani atakunywa kitu kilichopita kwenye mguu asioujua? Mama alikagua bila haya, akiachanisha vidole kimoja kimoja, na alipoanza kuugua kazi hiyo akanipa mimi. Niliona aibu kushika mguu wa mwanamume mzima. Yeye wala.

“Kagua vizuri, Koku,” alikuwa akiniambia. “Usije kesho ukasema umekunywa kucha zangu.”

Viatu hakuvipenda. Alisema kiatu kinaufanya mguu kuwa mjinga, unasahau namna ya kushika chini. Jumapili alivibeba mkononi hadi mlangoni mwa kanisa, akavivaa, akaimba, akatoka, akavivua. Nilipokuwa sekondari niliwahi kumwambia kwamba mwalimu wetu anasema kutembea peku kunaleta magonjwa. Alinitazama kwa huruma, akaniuliza huyo mwalimu ameshaanguka mara ngapi kwenye utelezi wa masika. Nilikumbuka kwamba mwalimu alikuwa ameanguka wiki ile ile, mbele ya darasa zima, na sikuendelea na mjadala.

Mvua ikinyesha, njia za kwetu zinateleza kiasi kwamba watu wazima wanashikana mikono. Yeye alishuka na kibuyu cha juisi kichwani, mikono mifukoni. Mama alikuwa akisimama barazani kumtazama tu, halafu anaguna na kurudi jikoni.

Wageni walishangaa wakisikia kwamba hakunywa pombe. Alikuwa Mlutheri wa wale walioshika dini, mwimbaji wa sauti ya besi katika kwaya ya usharika wake, na lubisi hakuwahi kuionja, nijuavyo mimi, na mimi ndiye niliyeiuza. Sisi Wakatoliki tulimtania. Nilimwuliza siku moja atajibu nini mbinguni akiulizwa amelevya watu wangapi.

Hakucheka. “Mimi nakamua juisi,” akasema. “Mkishaitia mtama ikageuka, hiyo ni dhambi yako na mama yako.”

Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

Na kwa kuwa hakunywa pombe, fungu lake lilikuwa juisi. Ni desturi mkamuaji apewe ya kwanza, ile inayotoka kabla maji hayajaongezwa, nzito, tamu kiasi cha kunata midomoni. Wakamuaji wengine huonja kidogo kwa heshima, kisha wanasubiri lubisi. Yeye alikunywa kibuyu kizima, akapumzika, akaomba kingine. Kila nyumba alikoitwa ilikuwa hivyo, na katika msimu wa harusi aliitwa karibu kila siku. Mama alimtolea mfano kwa kaka zangu waliokuwa wakirudi nyumbani kwa kushika ukuta: mwangalieni mwenzenu, anashinda ndani ya pombe na anakunywa juisi tu. Tulimwona mtu wa kiasi.

Kuna jambo moja linaloninyima raha kuliko yote, nalo ni la sisi wote, si la kwake peke yake. Katika kazi ile miguu huumia. Nyasi zina makali, utomvu unawasha, na mkamuaji mgeni hulala na miguu inayowaka. Wazoefu humwambia avumilie mpaka iive. Mguu ulioiva, kwa maneno yao, hausikii nyasi. Ndivyo wanavyosema wakamuaji wote, Bukoba na Muleba, na ni sifa mtu anayoingoja kama mwingine anavyongoja kustaafu. Sasa Mkamuaji wetu, pamoja na umahiri wake wote, alikuwa akisikia kila kitu. Alikuwa akitoka mtumbwini analalamika: nyasi za leo mmezikata wapi, kwenye kiwanda cha wembe? Mama alizoea malalamiko hayo kama mtu anavyozoea redio ya jirani.

Halafu akaacha kulalamika. Mama alilitambua hilo kabla yangu.

“Leo kimya, kulikoni?” alimwuliza.

Akaunyanyua mguu juu ya kigoda, akaupiga kofi. “Imeiva,” akasema. “Uzee wote huu, ndiyo imeiva. Sisikii kitu.”

Alifurahi, jamani. Akamwita jirani aje achome unyayo kwa mwiba wa mlimau, jirani akachoma, na yeye akatabasamu. Tukapiga makofi. Mama akapika ebitoke, ndizi zetu za chakula, akatoa na senene waliokaangwa aliokuwa amewaficha kwa ajili ya wageni wa maana, akampakulia yeye kwanza. Tulimfanyia karamu mtu kwa sababu miguu yake ilikuwa inakufa. Hakuna aliyejua, na bado nikilala nasikia yale makofi, na hakuna wa kumlaumu, kwa sababu kila mtu uani pale alikuwa anampenda.

Mwili wa binadamu una mambo ambayo nimeyajua nimechelewa. Mtu anasimama kwa sababu nyayo zinamwambia, kila mara, chini pakoje, panainama wapi, uzito umeelemea upande gani. Nyayo zikinyamaza, macho yanachukua kazi. Basi Mkamuaji akaanza kutembea akiangalia miguu yake. Ukimsalimia njiani, alisimama kwanza ndipo anyanyue uso akujibu, kwa maana akinyanyua uso huku anatembea aliyumba. Watu wakasema siku hizi anaringa, anataka asubiriwe. Jua likizama alikuwa anapita ukingoni mwa kibanja, shamba letu la nyumbani, akishika mibuni, mbuni mmoja hadi mwingine. Nilimwuliza anatafuta nini kwenye kahawa za watu. Akasema anaangalia kama zimeiva.

Jumapili moja alipita kwetu akitoka kanisani, siku hiyo amevaa viatu njia nzima, jambo ambalo lingetosha kutushtua. Alipovua kimoja, soksi ilikuwa imelowa damu, na ndani ya kiatu mlikuwa na kizibo cha soda. Alikuwa amekitembelea kutoka kanisani hadi kwetu. Alikishika kwa vidole viwili, akakigeuza kwenye mwanga.

“Ona,” alisema. “Angekuwa mmoja wenu angelia.”

Lililomuumiza hasa ni la kanisani. Kwaya yao huingia kwa maandamano, wakipiga hatua kwa pamoja, na yeye alianza kutoka nje ya mstari. Mara amemkanyaga mwenzake, mara ameegemea benchi la akina mama. Mtu anayekamua ndizi za pombe, anayepepesuka asubuhi ya Jumapili, watu wamfikirie nini? Wazee wa kanisa wakamwita. Sijui waliyozungumza yote, najua aliyoniambia alipokuja kesho yake kukamua, akaketi kwenye kigoda bila kuomba maji ya kuoshea.

“Mmoja alinisogelea kama anataka kuninong'oneza,” alisema. “Nikainama. Kumbe ananusa. Ananinusa mdomo, Koku. Mimi.”

Nilikuwa nimemcheka sana kwa kutokunywa kwake, na sasa nilitamani kwenda kule usharikani kuwaapia kwa Bikira Maria, ingawa nadhani isingesaidia. Hawakumfukuza. Walimshauri tu apumzike kuimba kwa muda. Hakurudi tena kwenye kwaya, na besi yake akawa anaitumia kukohoa.

Miguu ikawa baridi. Hivyo ndivyo alivyoeleza: sisikii nyasi, sisikii mwiba, ila baridi nasikia, imeingia kwenye mifupa. Na baridi ya miguu kwetu dawa yake ni maji ya moto. Aliyachemsha mwenyewe katika chumba alichopanga, akamimina, akatumbukiza miguu, akakaa anasikiliza taarifa ya habari hadi mwisho. Alipoitoa, ngozi ya kisigino ilikuwa imeachana na nyama. Haya alinisimulia baadaye sana. Wakati ule nilichoona ni kwamba alianza kufika ameshaosha.

“Nimeosha nyumbani, leo tusipoteze muda,” alikuwa akisema, na huku ameshaingia mtumbwini.

Desturi ilinipa haki ya kukagua, lakini hakuna desturi inayomruhusu mwanamke kuuvuta kwa nguvu mguu wa mtu anayemwita Tata. Mama alikuwa ameshafariki. Angekuwepo, angeuvuta.

Ndugu yangu mdogo alipata mchumba Ngenge. Familia ya binti ilikuwa ya wakulima wa zamani, watu wa taratibu, na waliagiza wazi kwamba soda na bia wataziona huko mjini, wao wanataka lubisi iliyokamuliwa nyumbani kwa mwoaji. Mshenga wa upande wao akatumwa aje siku ya kukamua, aone. Kwa heshima ya Ngenge nilimwita Mkamuaji, ingawa tayari kulikuwa na minong'ono. Nilimwambia mapema, kwa upole, kwamba nimemchimbia mti wa kushika.

“Uchomoe,” akasema. “Wakwe zako wataona mti huo watasema mmewaletea mwanafunzi.”

Nikauchomoa. Aliingia mtumbwini asubuhi, macho chini, akaanza. Kwa kweli alikuwa bado anapendeza kumtazama. Mabega yametulia, mguu unakwenda mbele, unarudi, povu la kwanza linapanda pembeni mwa nyasi. Majirani walikuwa wamekaa kwenye majani ya migomba kumwangalia. Nikaanza kujisemea kwamba maneno ya watu ni maneno tu.

Mshenga akaingia kwa mlango wa mbele wa ua, mtu mnene mchangamfu, kofia mkononi, akapaza sauti: “Wasibota, Tata!”

Kutojibu salamu ya mshenga ni tusi. Mkamuaji alinyanyua uso amjibu, na macho yalipotoka tu kwenye miguu, akaenda. Hakutafuta hata pa kushika. Alianguka chali ndani ya ndizi, miguu juu, na kitambaa alichokuwa amekifunga kisiginoni, cha rangi ile ile ya makapi, kikafunguka. Kila mtu aliuona unyayo. Kisigino kilikuwa na shimo, kingo zake nyeusi, katikati pekundu, na harufu ilitufikia sisi wote kabla hatujasema neno. Kitambaa kikawa kinaelea kwenye juisi.

Hakulia wala hakuomba msamaha. Alijikalisha ndani ya mtumbwi na kuanza kukusanya nyasi, anaufunika mguu, anakusanya tena, anaufunika, kama vile bado kuna mtu ambaye hajaona. Mshenga alivaa kofia yake. Mimi ndiye niliyesema imwagwe, na juisi ya shamba zima la embire ikamwagwa kwenye migomba, na nzi walikaa pale siku kadhaa.

Ngenge tulikwenda na lubisi ya kununua kwa watu. Waliipokea, ndoa ikapita, wifi yangu ni mtu mzuri. Lakini mzee wao mmoja, kabla ya kuonja, aliinua kibuyu akauliza, “Hii imekamuliwa na nani?” na wazee wote wakasubiri jibu bila kunywa. Tangu hapo swali hilo likawa linaulizwa kila mahali, barabara yote ya Muleba, na kila aliyeuliza alikuwa anamkusudia mtu mmoja. Hakuna aliyemwita tena. Hata mimi sikumwita, ningewezaje?

Nilimpeleka hospitali mwenyewe kwa kuwa binti yake pekee alikuwa Kemondo na bado hajapata habari. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimpima sukari, akaipima tena kwa kutoamini, kisha akaanza maswali.

“Mzee unakunywa pombe?”

“Sijawahi,” akajibu, kwa ile besi yake ya kanisani, na nikaona mabega yake yananyooka kidogo kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

“Safi sana, mzee wangu,” daktari akasema, akaandika.

Nilitamani nimwache na hiyo sifa. Lakini nikasema, “Anakunywa juisi ya ndizi, daktari.” Akauliza kiasi gani. Nikamwonyesha kwa mikono ukubwa wa kibuyu, na daktari akaacha kuandika. Alisema sukari huenda ilikuwepo tayari mwilini, huwezi kujua, ila ile juisi ilikuwa kama kumwagia moto petroli. Mkamuaji alinitazama mimi, siyo daktari. Alikuwa na uso wa mtu aliyesalitiwa, na sijui alihisi amesalitiwa na mimi, au na juisi, au na ule usafi wake wa miaka yote.

Daktari akamwambia aangalie ukutani. Akamshika kidole gumba cha mguu.

“Sasa mzee, hiki kidole nimekiinua au nimekishusha?”

“Umekiinua.”

“Na sasa?”

“Umekishusha. Sasa umekiinua tena.”

Daktari alikuwa ameshakiachia tangu mwanzo. Mikono yake ilikuwa mapajani.

Ndipo akatueleza habari za mishipa ya fahamu, kwamba sukari imeiua polepole kuanzia vidoleni, ndiyo maana nyasi hazikuuma, ndiyo maana anaanguka. Kwa hiyo kule kuiva kwake kulikuwa ganzi. Akatoa masharti: maji ya moto basi, juisi basi, nyayo zitazamwe kila siku, na peku ni mwiko kabisa, hata chumbani.

“Na kazi?” Mkamuaji akauliza.

“Unafanya kazi gani, mzee?”

“Nakamua ndizi.”

Daktari alikuwa mtoto wa hapa hapa, hakuhitaji kuelezwa. Alifunga faili na kusema atamwita mwenzake amsafishe kidonda.

Mkamuaji alijaribu kutii, hilo nalikubali. Alivaa raba pana nilizomtafutia, akatembea nazo kama mtu aliye juu ya mtumbwi wa ziwani. Nikamshauri akamue na mabuti ya mvua, yaliyo mapya na safi. Akanijibu kwamba watu hawanywi mpira. Kidonda kikapona juu, kikaoza ndani, kikafika mfupani. Walipomwambia mguu utakatwa chini ya goti aliomba asubiri kwanza, wiki hii hadi ile, akitumia jina la Mungu na jina la binti yake na kila jina aliloweza. Mwisho homa ndiyo iliyoamua, mguu ukakatwa. Binti akaja akamchukua, akampeleka Kemondo, na chumba chake Nshambya akakipanga mtu mwingine.

Ningependa kusema kwamba watu wamejifunza. Wakamuaji wa hapa wamesikia habari zake, wametikisa vichwa, na bado wanangoja miguu iive. Anayenikamulia sasa ni mwanamume mwenye watoto wakubwa, makini, mchapakazi. Juzi alitoka mtumbwini akicheka, akaniambia nyasi zimeacha kumuuma. Nilimwambia aende akapime sukari kesho yake. Nilimweleza yote, kisigino, kanisa, kitambaa, kila kitu. Alinisikiliza kwa adabu, akaniahidi kwamba atakwenda msimu wa harusi ukiisha. Nimechoka. Natoa juisi yake ya kwanza naimwaga asipoona, basi, na najua anakwenda kuinywa nyumba ya pili.

Mkamuaji nilimwona mara ya mwisho mchana mmoja nikitoka Muleba, nilipoteremka Kemondo kumsalimia. Binti yake, mwanamke mwenye haraka anayeuza dagaa bandarini, alinikuta njiani kabla sijafika nyumbani. Alinishika mkono akanisogeza pembeni.

“Na ule wa pili umeanza,” akaniambia. “Chini ya kidole gumba. Wamesema asiukanyagie hata kidogo, akiukanyagia utakwenda kama mwenzake. Mwambie na wewe, dada. Mimi hanisikii.”

Mkamuaji alikuwa amekaa kizingitini, magongo yameegemezwa ukutani mbali naye, nadhani makusudi. Alikuwa amekonda sana. Macho yalikuwa na ukungu; sukari ilikuwa imeanza kuyala nayo, binti alikuwa amenidokeza. Alielekeza uso upande wa hatua zangu.

“Ni mimi, Tata. Koku wa Nshambya.”

“Wabonaki, Koku,” akanisalimu. Akanishika mkono, akaukagua kwa vidole kuanzia kiganjani mpaka kiwikoni. “Nani anawakamulia?”

“Yupo mtu.”

“Anashika mti?”

“Anashika.”

Akatabasamu. Tulizungumza habari za kibanja, za migomba iliyopigwa na mnyauko, za ndugu yangu na mke wake wa Ngenge. Alizungumza vizuri, hata akatania kidogo, mpaka nikajidanganya kwamba mtu anaweza kuishi hivyo. Kisha nikasema gari litaniacha, naomba ruhusa.

“Mgeni hafanyiwi hivyo,” akasema. “Nikuage nimekaa?”

“Kaa, Tata. Wamekukataza kuukanyagia huo mguu. Umesikia walivyosema.”

“Nimesikia.”

Alikuwa ameshaushika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Mikono yake bado ilikuwa na nguvu, ikamvuta juu kabla sijamaliza kumkataza, na alipokuwa katikati mwimo ukamponyoka. Nilimdaka chini ya makwapa, kifua chake kikaniangukia kifuani. Goti lake lilikuwa limelegea. Unyayo ulikuwa umepinda, umelala ubavu kwenye vumbi, haubebi chochote. Uzito wake wote ulikuwa kwangu. Akatulia pale, anahema, uso wake umeelekea barabarani ambako hakuona kitu.

“Koku,” aliniuliza, “nimesimama?”

Nilitazama kama binti yake yuko karibu. Hakuwepo.

“Umesimama, Tata.”

“Basi niachie sasa,” akasema, “nikuage.”